Albert Wawili wa Johannesburg: Jukwaa, Makumbusho na Swali la Hadhira

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuhakiki kitabu. Tunakifungua, tunatafuta dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi, tunageukia muundo, mtindo na wahusika, kisha tunahitimisha kwa kusema amefaulu hapa, ameshindwa pale. Makala haya yanachukua zana hizo hizo na kuzitumia kwa kitu kisicho na jalada: jiji la Johannesburg. Si jiji zima, bila shaka. Tunazungumzia yale majengo ambayo jiji limeyatenga ili lijieleze kwa wageni na kwa wananchi wake: nyumba ya sanaa, ukumbi wa maonyesho, magereza yaliyogeuzwa makumbusho, na bweni la vibarua.

Huenda msomaji akauliza: hayo si mambo ya watalii? Yana uhusiano gani na uhakiki? Jibu letu ni kwamba jumba la makumbusho nalo ni utungo. Kuna mtu aliyekaa akaamua kisa kianzie wapi, nani awe mhusika mkuu, nani awe mpita njia, na kisa kiishe vipi. Kuna fani na kuna maudhui. Na kama ilivyo kwa utungo wowote, kuna hadhira iliyokusudiwa. Hilo la mwisho ndilo swali letu kuu. Johannesburg inapoyaweka maumivu yake jukwaani, inamchezea nani? Na huyo mtazamaji akitoka, ametoka na nini?

Tutajaribu kuonyesha kwamba maeneo yaliyofaulu ni yale yanayomkatalia mgeni kubaki mtazamaji mtupu. Lakini pia tutaonyesha kwamba hata hayo yana udhaifu mmoja mkubwa: mengi yanakifunga kisa mwaka 1994. Na kisa, jamani, hakijaisha.

Picha na mfagiaji

Tuanze na nyumba ya sanaa ya jiji, Johannesburg Art Gallery, iliyoko Joubert Park. Jengo lilichorwa na Edwin Lutyens, msanifu Mwingereza, likafunguliwa mwaka 1915. Mkusanyo wake wa kwanza ulipatikana kwa juhudi za Florence Phillips, mke wa tajiri wa migodi. Kumbuka kwamba jiji hili lilizaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu tu. Hakuna mto mkubwa pale, hakuna bandari. Basi mali ilitoka ardhini kwa jasho la mchimbaji Mwafrika, ikapita mikononi mwa tajiri, ikaishia kuwa michoro ya Ulaya ukutani. Mchimbaji mwenyewe hakuwamo, si kama msanii wala kama mtazamaji.

Mwaka 1940 nyumba hiyo ilinunua picha ya Gerard Sekoto iliyoonyesha nyumba za manjano za mtaa wa Sophiatown. Ilikuwa kazi ya kwanza ya msanii Mweusi kuingia katika mkusanyo ule. Inasimuliwa kwamba Sekoto alipotaka kuiona picha yake ikiwa imetundikwa, ilimbidi ajifanye mfagiaji ndipo aingie. Kisa hicho ni kifupi lakini kinabeba nadharia nzima ya hadhira. Kazi imekubaliwa, mwenye kazi kakataliwa. Mwaka 1947 Sekoto aliondoka kwenda Paris na hakurudi kuishi kwao. Nao mtaa alioupaka rangi ulianza kubomolewa Februari 1955, watu wake wakapakiwa kwenye malori hadi Meadowlands, na mahali pao pakajengwa kitongoji cha Wazungu kilichoitwa Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa mwaka 2006. Nyumba za manjano hazikurudi. Zimebaki kwenye picha.

Katika makala haya tutakiita hiki kipimo cha Sekoto: mahali popote pa sanaa au kumbukumbu tutapauliza kama mtu ambaye maisha yake yameonyeshwa humo anaweza kuingia kwa mlango wa mbele.

Soko lililogeuka jukwaa

Market Theatre iko Newtown, ndani ya jengo la mwaka 1913 lililokuwa soko la matunda. Mwaka 1976 Barney Simon, Mannie Manim na wenzao walilichukua wakaligeuza ukumbi wa maonyesho. Walifungua Juni 1976, siku chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Tamthilia ya kwanza ilikuwa ya Chekhov, Mrusi. Wapo wanaocheka: mji unaungua, ninyi mnacheza Chekhov! Lakini tuwe waadilifu. Sheria za makaburu zilitaka kila rangi ikae kwake, na ukumbi ule uliwaweka watu wa rangi zote pamoja, jukwaani na kwenye viti. Wakati ule hilo peke yake lilikuwa kitendo cha kisiasa.

Kazi iliyoupa ukumbi huo jina ni *Woza Albert!* ya mwaka 1981, iliyotungwa na Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon. Hadithi yake ni rahisi kuieleza: Morena, yaani Bwana Yesu, anarudi duniani, na nchi anayoshukia ni Afrika Kusini ya makaburu. Serikali kwanza inamshangilia, kisha inamwona mchochezi, inamfunga. Mwishoni anaingia makaburini na kuwafufua mashujaa, akiwamo Albert Luthuli, kiongozi wa ANC aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960 na kufariki mwaka 1967. Huyo ndiye Albert anayeitwa ainuke.

Kifani, tamthilia hii ina waigizaji wawili tu. Hakuna mandhari ya kupakwa rangi. Kuna masanduku ya mbao, nguo chache, na nusu ya kijimpira cha waridi kinachovaliwa puani mwigizaji anapokuwa Mzungu. Kwa vifaa hivyo wanakuwa kinyozi wa mtaani, bibi kizee anayechakura jalalani, wafungwa, askari, hata helikopta. Lugha zinachanganyika jukwaani kama zinavyochanganyika kwenye treni. Fani hii ya ufukara si pambo. Jukwaa likiwa tupu, mtazamaji inambidi afanye kazi: yeye ndiye anayejenga gereza kichwani mwake na kulijaza watu. Akishalijenga hawezi tena kusema hakulijua.

Tukumbuke sehemu moja hasa. Wanaume wasio na kazi wamesimama mtaa wa Albert, penye ofisi ya pasi, wakigombea kila gari la tajiri linalosimama, kila mmoja akijinadi na kibali chake. Mtaa huo ni wa kweli. Upo katikati ya Johannesburg. Albert wa mtaa si Albert wa kaburini, lakini tamthilia inawaweka wote wawili mbele yetu: mmoja shujaa anayefufuliwa, mwingine barabara ambapo watu walisubiri kuruhusiwa kuishi. Tutarudi kwenye mtaa huu.

Sasa kipimo cha Sekoto. Wahakiki wa huko walilalamika mara nyingi kwamba viti vya Market vilikaliwa zaidi na Wazungu wenye siasa za wastani. Mtu wa Soweto aliyetoka kazini saa kumi na moja, akipanda treni kurudi kwake, angerudije mjini usiku? Mwafrika wa kawaida alikuwa na ukumbi wake mwingine. Gibson Kente, aliyefariki mwaka 2004, alizungusha michezo yake ya muziki, vichekesho na machozi katika kumbi za vitongoji, na watu walijaa kwa pesa zao wenyewe. Mtwa na Ngema walipitia mikononi mwake kabla ya kuja Market. Kwa hiyo mizizi ya *Woza Albert!* iko vitongojini, ila tunda lilichumwa mjini na baadaye likasafirishwa Ulaya na Marekani. Hali kadhalika *Sarafina!* ya Ngema: ilianza Market mwaka 1987, ikafika Broadway mwaka 1988, ikawa filamu mwaka 1992, ndipo ikatufikia sisi wa Afrika Mashariki kwenye kanda za video. Mtaani kwetu ukitaja Afrika Kusini, wengi wanaanza kuimba Sarafina kabla hujamaliza sentensi.

Gereza lililogeuka mahakama

Tupande sasa kilima cha Constitution Hill. Hapo palikuwa na magereza matatu makubwa: ngome ya zamani iliyojengwa enzi ya Paul Kruger, gereza la wanaume Weusi lililojulikana kama Namba Nne, na gereza la wanawake. Gandhi alifungwa hapo. Mandela alipita hapo. Wanawake waliopinga pasi mwaka 1958 walijazwa hapo kwa mamia, na mwaka 1976 waliwekwa humo Winnie Mandela na Fatima Meer. Magereza yalifungwa mwaka 1983. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilihamia kilimani hapo.

Mjenzi wa mahakama hii alikabiliwa na swali la kifasihi: ufanye nini na kifungu kibaya cha hadithi, ukifute au ukiache? Jengo la mahabusu lilibomolewa, lakini ngazi zake nne zimeachwa zikisimama, na matofali yake yametumika katika ukuta wa chumba cha mahakama. Jaji anaposoma hukumu, tofali za mahabusu zinamsikiliza. Nyuma ya majaji kuna dirisha refu, jembamba, lililo sawa na ardhi ya nje, hivi kwamba waliokaa ndani wanaona miguu ya wapita njia. Hakuna maandishi ya kueleza maana yake, na hayahitajiki.

Upande wa Namba Nne, ubao wa chakula umehifadhiwa. Unaonyesha mgawo wa Mwafrika, na mgawo wa Mhindi na chotara, kila mmoja na gramu zake. Mnyonge alipimiwa unyonge wake kwenye mizani. Lakini kinachotugusa zaidi sisi watu wa sanaa ni mablanketi. Wafungwa walilazimishwa kukunja mablanketi yao vizuri kwa ajili ya ukaguzi. Wao wakageuza amri hiyo kuwa mashindano ya uchongaji, wakayakunja yakawa maumbo, kama vile kifaru cha vita. Wafungwa wa zamani wameyatengeneza upya maumbo hayo ili wageni wayaone. Wanaodai eti sanaa ni ya watu walioshiba waende wakaangalie mablanketi yale.

Mahakama yenyewe ina mkusanyo wa sanaa ulioanzishwa na majaji, hasa Albie Sachs. Jina hili lina historia katika mjadala wetu. Mwaka 1988 Sachs alipoteza mkono kwa bomu la makaburu mjini Maputo. Mwaka uliofuata, katika karatasi iliyotikisa wasomi, alipendekeza wanachama wa ANC waache kwa muda kusema kwamba utamaduni ni silaha ya mapambano. Kabla yake Njabulo Ndebele alikuwa amekwisha kulalamika kwamba fasihi ya Weusi ilikuwa imetawaliwa na vitisho na vishindo, ikasahau maisha ya kawaida ya mtu wa kawaida. Sisi tuliolelewa na msemo kwamba fasihi ni chombo cha ukombozi tunaweza kushtuka. Lakini hebu tuangalie kazi moja ya mkusanyo ule: gauni la buluu la Judith Mason, lililoshonwa kwa mifuko ya plastiki. Linamkumbuka Phila Ndwandwe, mpiganaji aliyeuawa na polisi wa usalama mwaka 1988. Walimweka uchi wakati wa kumhoji, naye akajisitiri kwa mfuko wa plastiki wa buluu. Mfuko huo ulikutwa na mifupa yake. Je, hiyo ni silaha au ni maisha ya kawaida? Ni vyote viwili. Msanii hakuchora bunduki wala ngumi; ameshona nguo ambayo mwanamke yule alinyimwa. Kwa maoni yetu kazi hii inamjibu Sachs na inawajibu wapinzani wake kwa wakati mmoja.

Milango miwili

Apartheid Museum ilifunguliwa mwaka 2001. Fani yake inaanza kwenye tiketi. Mgeni anapewa kadi inayomwita Mzungu au asiye Mzungu, bila kujali sura yake, na kila kundi linaingia kwa mlango wake. Ni mbinu ya maigizo kabisa: hadhira imepewa uhusika kabla pazia halijafunguliwa. Ndani kuna vitanzi vinavyoning'inia kuwakumbuka walionyongwa, na kuna gari la deraya la polisi ambalo mgeni anaweza kuingia akakaa, akaona kitongoji kilivyoonekana kwa askari.

Sifa zake tumezitaja. Udhaifu wake ni upi? Kwanza, uhusika anaopewa mgeni unadumu mita chache tu. Milango inaungana, watu wanacheka, wanapigana picha. Jukwaa la *Woza Albert!* halikumruhusu mtazamaji apumue haraka namna hiyo. Pili, makumbusho haya yalizaliwa kutokana na leseni ya kasino: wawekezaji walioomba leseni walitakiwa kuchangia kitu kwa jamii, nao wakajenga makumbusho. Ndiyo maana yako jirani na kasino na bustani ya michezo ya Gold Reef City, iliyojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Ukitoka kutazama vitanzi unasikia kelele za watu kwenye bembea. Hatusemi makumbusho ni ya uongo kwa sababu hiyo. Tunasema mandhari ni sehemu ya utungo, na mhakiki hawezi kujifanya haoni.

Picha na waliokosekana

Soweto ndiyo inayotembelewa zaidi, hasa mtaa wa Vilakazi, ambao waongoza watalii wanausifu kwa sababu Mandela na Desmond Tutu, wote washindi wa Nobel, walikuwa na nyumba hapo. Sawa. Lakini Vilakazi ni nani? Ni Benedict Wallet Vilakazi, mshairi wa Kizulu aliyezaliwa mwaka 1906 na kufa mwaka 1947, mmoja wa Waafrika wa kwanza nchini mwake kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Alitoa diwani mbili, ya 1935 na ya 1945, na katika ya pili yumo mchimbaji wa dhahabu akiisemesha mitambo ya mgodi. Zaidi ya hayo, Vilakazi alivutana na Herbert Dhlomo kuhusu matumizi ya vina katika ushairi wa Kizulu. Wanafunzi wa Kiswahili mnacheka? Ugomvi wa vina hatukuuanzisha sisi peke yetu! Mgeni anapita mtaa mzima akila na kununua vinyago, anaondoka hajui kwamba mtaa ni wa mshairi.

Karibu na hapo ni makumbusho ya Hector Pieterson, yaliyofunguliwa tarehe 16 Juni 2002. Kiini chake ni picha ya Sam Nzima: kijana Mbuyisa Makhubo amembeba Hector aliyepigwa risasi, dada yake Hector, Antoinette, akikimbia ubavuni. Kifani makumbusho haya yamefaulu sana. Madirisha yamewekwa yakielekea sehemu halisi ambako mambo yalitokea, kwa hiyo unasoma maelezo ukutani kisha unainua macho unaona mtaa wenyewe, na watoto wa leo wakirudi shule. Kisa kinaendelea dirishani.

Hata hivyo picha moja ikiwa maarufu mno huwameza wengine. Hastings Ndlovu, mwanafunzi wa miaka 15, wengi wanaamini alipigwa kabla ya Hector, ila hapakuwa na kamera. Mbuyisa alitafutwa na polisi, akakimbia nchi; mama yake alipata barua ya mwisho kutoka Nigeria mwaka 1978, baada ya hapo kimya. Mbeba maiti amegeuka asiyejulikana alipo. Wenzake wengi waliokimbia mwaka ule walifika Tanzania, na mwaka 1978 ANC ikafungua shule Mazimbu, Morogoro, ambayo baadaye iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Kwa hiyo sehemu moja ya makumbusho ya Soweto, kwa haki, iko kwetu.

Bweni la Newtown

Rudi Newtown, hatua chache tu kutoka Market Theatre. Hapo kuna Workers' Museum, bweni la mwaka 1913 walimowekwa vibarua Waafrika wa manispaa. Ni wanaume mamia katika jengo moja, wanalala kwenye vitanda vilivyopangwa juu na chini kama shubaka za ghala, wakiwa na chumba cha kuwafungia wakorofi. Jirani kuna nyumba za wasimamizi Wazungu, zenye vyumba na bustani. Hakuna haja ya kadi ya kuigiza: simama bwenini, kisha simama mlangoni mwa msimamizi, umeelewa.

Tunaliona jengo hili kuwa maandishi ya maana kuliko yote tuliyoyataja, japo halina fahari ya Constitution Hill. Sababu ni mhusika wake mkuu. Katika sehemu nyingine mhusika mkuu ni kiongozi, mfungwa wa siasa, au mtoto shahidi. Hapa ni kibarua, mtu asiye na jina, aliyetoka mbali. Johannesburg ilijengwa na watu wa kuja: kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi, na hata nyanda zetu za kusini, kupitia shirika la kuandikisha wachimbaji ambalo wazee walilijua kwa jina la Wenela. Jiji lote ni la wageni. Hata hivyo Mei 2008, moto wa chuki dhidi ya wageni ulipoanzia Alexandra na kuenea, watu zaidi ya 60 waliuawa. Waliokuwa wanafukuzwa walikuwa warithi wa bweni la Newtown. Kama kibarua mhamiaji angekuwa mhusika mkuu wa simulizi la taifa badala ya kuwa mpita njia, ingekuwa vigumu zaidi kumwita mwizi wa kazi. Hatudai kwamba makumbusho huzuia mauaji. Tunadai kwamba simulizi huandaa watu kuona nani ni mwenzao.

Albert wa pili

Sasa turudi mtaa wa Albert kama tulivyoahidi. Ile ofisi ya pasi haikubomolewa. Ukombozi ulipokuja, jengo lilikuwa mali ya jiji na lilibandikwa kibao cha urithi kueleza yaliyotendeka humo. Kwa miaka kadhaa lilikuwa makazi ya wanawake waliokimbia mateso, likajulikana kama Usindiso. Baadaye likatelekezwa, maskini wakaingia, vyumba vikagawanywa kwa mbao na mapazia, wengine wakilipa kodi kwa wababe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 lilishika moto. Walikufa watu zaidi ya 70. Walikuwamo raia wa Afrika Kusini, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Ndiyo, ndugu zetu, vijana waliotuaga kwamba wanakwenda Bondeni kutafuta maisha.

Tume iliyochunguza moto huo iliongozwa na Sisi Khampepe, jaji mstaafu wa Mahakama ile ile ya Katiba yenye dirisha la miguu ya wapita njia. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 iliulaumu uongozi wa jiji, ikapendekeza jengo libomolewe na kiwekwe kibao cha kuwakumbuka marehemu.

Angalia basi mpangilio wa kisa hiki. Ofisi iliyokuwa inamwambia Mwafrika huna ruhusa ya kuishi mjini ilipewa kibao. Chini ya kibao hicho wakaishi watu wasio na pa kuishi mjini. Wakafa. Dawa iliyopendekezwa ni kibao kingine. Katika *Woza Albert!* wale wanaume wa mtaa wa Albert walikuwa wanasubiri karatasi, na miaka 42 baadaye wengi wa wapangaji wa Usindiso walikuwa hawana karatasi vilevile. Wapo watakaosema tunachanganya mambo, kwamba ubaguzi wa sheria umekwisha na huu ni uzembe wa manispaa tu. Tofauti hiyo ipo na ni kubwa; hakuna anayeomba pasi leo. Lakini mhakiki anauliza kuhusu hadhira na wahusika. Kibao kiliandikwa kwa ajili ya nani? Kwa mpita njia mwenye ramani ya utalii. Aliyelala ghorofani juu ya kibao hakuwa hadhira wala mhusika. Kwa kipimo cha Sekoto, urithi wa mtaa wa Albert umeshindwa vibaya.

Hitimisho

Kutokana na hayo tunaona mambo matatu. Kwanza, fani inayofaulu Johannesburg ni ile inayoacha nafasi kwa mtazamaji: masanduku matupu ya Mtwa na Ngema, ngazi zisizo na jengo, dirisha la Soweto. Pale ambapo kila kitu kimejazwa na kufafanuliwa, mgeni anabaki mteja. Pili, kumbukumbu inayokoma mwaka 1994 inageuka hadithi ya kulalia. Market Theatre yenyewe iling'amua hilo mapema: John Kani alipoleta *Nothing but the Truth* mwaka 2002, mhusika wake hakuwa shujaa bali mkutubi mzee, aliyebaki nyumbani wakati ndugu yake anasifiwa uhamishoni, na anayeuliza yeye atalipwa lini. Hiyo ndiyo njia Ndebele aliyoitaka. Tatu, urithi hauhifadhiwi kwa kibao pekee. Unahifadhiwa kwa kumtunza mtu anayeishi ndani yake.

Na sisi je? Si haki kuwanyooshea kidole wenzetu tukiwa tumekaa. Shule ya Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi ya wapigania uhuru yako pale, majengo yako pale, na wanafunzi wanalala katika mabweni ambamo vijana wa Juni 1976 walilala. Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro si kubwa. Tunawaomba wasomaji wa jarida hili, na hasa wale wa sanaa za maonyesho, waende wakapahakiki kama tulivyojaribu kuihakiki Johannesburg: nani anasimuliwa pale, nani kasahauliwa, na mkulima wa Mazimbu aliyewapokea vijana wale yumo katika simulizi au ni mpita njia. Atakayetangulia kufika atuandikie katika toleo lijalo. Tukikosea humu, turekebishwe kwa hoja.